Samaki Aliyekataliwa na Mama Mdogo

Iko siku moja, mwanangu, ambayo mpaka leo ikinijia huwa naacha ninachofanya na kukaa kitako. Sogea nikusimulie. Najua utanijibu kwa Kiingereza, kama wenzako wote mliozaliwa huku Minnesota, lakini masikio yako yanakijua Kiswahili, na leo nayahitaji masikio kuliko majibu.

Wakati huo nilikuwa msichana, sijaolewa. Nilikuwa nimetoka Taita nikapokewa na Mama Mdogo Wakesho, mdogo wake mama yangu, aliyekuwa akiishi Maplewood na mumewe, Baba Mdogo Elijah. Mama Mdogo alikuwa muuguzi hospitalini. Baba Mdogo alikuwa fundi katika kiwanda kimoja upande wa Plymouth. Mungu hakuwajalia mtoto. Walinipa chumba cha chini, wakaninunulia koti zito kabla sijaijua baridi yenyewe, wakaniandikisha masomo ya uuguzi. Sikuwahi kuhisi kwamba nakula cha watu.

Sebuleni mwao palikuwa na tangi la samaki wa maji ya chumvi. Usidhani nasema bakuli lenye samaki mmoja anayezunguka. Tangi hilo lilikuwa la kioo, refu kama sofa, lenye mawe ya baharini, pampu, taa na hita yake. Hata chumvi ilinunuliwa dukani kwa ndoo, ikakorogwa na kupimwa kama dawa. Nje theluji imepanda mpaka dirishani, na humo ndani samaki wanatembea kwenye maji ya uvuguvugu. Baba Mdogo akirudi kazini alivua viatu mlangoni, akaenda kulisalimu tangi, ndipo akaketi.

Katika duka tulilonunua chumvi palikuwa na aina moja ya samaki ambaye Baba Mdogo alimpenda kuliko wote. Alikuwa mdogo, hazidi kidole, wa buluu, amezungushiwa michirizi ya rangi ya chungwa kama kitambaa kilichotariziwa na mtu mwenye subira. Hakuogelea kama wenzake, alitambaatambaa juu ya mawe akidonoa hapa na pale. Kila tulipokwenda Baba Mdogo alisimama mbele yake akamtazama weee, kisha akasema, “Bado. Kwetu hakujawa tayari.”

Nilipomuuliza kwa nini, alinieleza. Samaki yule hali chakula cha kopo. Hula wadudu hai, wadogo kama chembe za unga, ambao huzaliana wenyewe ndani ya mawe ya tangi lililokaa miaka mingi. Ukimweka kwenye tangi changa atawamaliza upesi, kisha ataanza kukonda. Na ubaya wake, alisema, ni kwamba rangi haimtoki. Hukonda akipendeza vilevile, mpaka siku unapomkuta amelala ubavu.

Baba Mdogo alifariki majira ya baridi yalipoanza. Moyo ulisimama akiwa kazini. Tukamzika huku huku, katika udongo uliokuwa umeanza kuganda, na wale vijana wa kanisani walioshika sepetu walitoka jasho katika ile baridi. Watu walituletea chapati, wali na maharagwe, wakaimba, wakakesha nasi. Kisha kila mmoja akarudi kwenye shifti zake, kama ilivyo desturi ya nchi hii. Mama Mdogo naye akarudi hospitalini mapema kuliko tulivyotarajia. Sikumwona akilia. Wengine walimsifu kwamba ana imani. Lakini wazee walisema, mwenye kovu usidhani kapoa.

Wapo waliomshauri aligawe lile tangi. Hakubishana nao. Asubuhi akiwa tayari amevaa sare ya kazi aliwalisha samaki, akafuta kioo, akaondoka.

Sasa ile siku yenyewe. Nilikwenda dukani kuchukua chumvi, nikamkuta samaki wa aina ile. Nilisimama pale alipokuwa akisimama marehemu, na wazo likanijia likanijaa kifua kizima. Tangi letu sasa limekomaa. Baba Mdogo alingoja miaka yote ile, na muda umefika yeye akiwa hayupo. Nikimpelekea Mama Mdogo samaki huyu, je, si atapata kitu cha kumfungua moyo? Nikamwomba muuzaji, kijana mmoja mwenye ndevu nyingi na maneno machache, atuwekee.

“Nitawawekea wiki hii,” alisema. “Lakini mkaangalie kwanza kwenu. Huyu watu wengi humpenda, na wachache humlisha.”

Niliporudi nikamweleza Mama Mdogo. Mwanangu, uso wake ulifunguka kama dirisha. Aliketi kwenye mkono wa sofa, akaweka kiganja kwenye kioo cha tangi, akasema taratibu, “Elijah alimtaka sana.” Kipendacho roho hula nyama mbichi, usiku ule nililala nikiamini neno limekwisha.

Lakini Mama Mdogo hakuwa mtu wa kukimbilia jambo. Jumapili tulipotoka kanisani alifunga mapazia yote, akazima taa za tangi, akaniambia nilete tochi. Tukapiga magoti kwenye zulia na nguo zetu za ibada. Tukangoja kidogo, kwa maana wadudu wale hutoka gizani. Kisha akamulika.

“Wapo!” nikasema. “Tazama pale, Mama Mdogo, wanakimbia!”

“Nimewaona,” alisema. Akahamisha mwanga kwenye jiwe la pili, na la tatu, na lile la nyuma. Hapa wachache, pale hakuna kitu. Akafungua mapazia, akawasha taa, akavuta kiti. “Sasa tuwatazame wenyeji.”

Muda si mrefu akaibuka mchangani samaki mmoja mwembamba wa manjano, aliyekuwa humo kabla yangu. Siku zote nilimwona bila kumtazama. Siku hiyo ndipo nilipomtazama. Alipita jiwe baada ya jiwe akidonoa, hapumziki, na alichokuwa akidonoa ni wale wadudu wale wale.

“Basi tumtoe huyu,” nikasema. “Dukani watampokea.”

“Huyu ndiye samaki wa kwanza aliyemleta Elijah humu,” alisema. “Hana kosa. Tumtoe kwake kwa sababu tumeona mzuri kuliko yeye?”

Ubishi wa ujana haukai kimya. “Wadudu wanauzwa kwenye chupa. Tutanunua, nitakuwa nikiwamwaga mimi mwenyewe kila siku.”

“Mpaka lini?”

Alijua, nami nilijua, kwamba theluji ikiisha ningehamia Brooklyn Park na wasichana wawili tuliosoma nao, kwa sababu nilikuwa nimepata kazi huko.

“Unaniahidi huku umeshavaa viatu,” alisema. Hakupandisha sauti, na ndiyo maana neno lile likanikaa. “Siku utakayoondoka nitabaki mimi, na shifti zangu, na kiumbe kinachotaka kulishwa kila siku bila kukosa. Ulipima tangi, hukunipima mimi.”

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, mwanangu. Mimi niliuona mwepesi kwa sababu haukuwa wa kichwa changu.

Kesho yake alikuwa off, tukaenda dukani pamoja. Nilidhani anakwenda kumkataa kwa maneno mawili tuondoke. Hakufanya hivyo. Aliinama mbele ya kioo akamtazama samaki yule kwa muda mrefu, akamwangalia tumboni, kama muuguzi anavyomwangalia mgonjwa ambaye hawezi kusema. Tumbo lilikuwa limeanza kuingia ndani. Rangi zilikuwa zinang'aa vilevile.

Akamgeukia yule kijana. “Ungekuwa mimi, ungemchukua?”

Kijana akajikuna ndevu. “Mama, kazi yangu ni kuuza. Lakini kwa vile umeniuliza hivyo, nisingemchukua.”

“Akibaki hapa atakufa,” nikasema, nami machozi yako karibu.

“Huenda,” alisema Mama Mdogo. “Na kwetu atakufa vilevile, ila polepole, tukimsifia rangi. Kumhurumia si kumweza.” Akamwomba kijana amtafutie mtu mwenye tangi kubwa na la zamani. Akamshukuru, akatoka.

Kwenye gari aliwasha injini ili tupate joto, lakini hakuondoka. Alishika usukani kwa mikono miwili. Kisha akalia. Tangu msiba sikuwa nimemsikia, na kilio kile kilikuwa kama cha mtu anayetapika kitu alichokimeza zamani. Sikujua nifanye nini. Nikakaa tu, nikiangalia vioo vikifunikwa na mvuke wa pumzi zetu.

Alipoweza kusema, aliniuliza, “Unajua ni wageni wangapi wamelala katika kile chumba chako?”

Sikujua.

“Hata mimi nimepoteza hesabu. Kila aliyetua airport bila wa kumpokea, Elijah alikwenda kumchukua. Akitoka kiwandani huyu anampeleka kutafuta kazi, yule anamfundisha ku-drive. Akaongeza shifti za usiku ili mezani pasipungue. Nami mke wake nilikuwa nikisema, karibuni, karibuni. Mgeni njoo, mwenyeji apone!” Akatikisa kichwa. “Mwenyeji wangu hakupona. Alikonda mbele ya macho yangu, anacheka. Mimi kutwa nawapima watu presha, mwanangu. Yeye sikumpima.”

“Na mimi ndiye niliyekuja mwisho,” nikasema.

Alinigeukia upesi, akanishika mkono. “Wewe uliitwa, ukaja. Mgeni hana kosa la kuitwa. Sijutii hata siku moja kwamba ulikuja, na yeye hakujuta. Ninachojutia ni kwamba sikumuuliza mume wangu swali moja tu: umebakiza nini?”

Tukarudi nyumbani bila samaki.

Safari nyingine niliyokwenda kuchukua chumvi, nilimuuliza yule kijana. Akaniambia samaki alichukuliwa na mzee mmoja ambaye tangi lake limeenea ukuta mzima na lina umri wa kutosha kuoa. Aliishi au hakuishi, sijui, na sitakudanganya ili hadithi ipendeze.

Mwaka ule ule ndugu yetu mmoja alipiga simu kutoka nyumbani, akitaka kuja kukaa kwa Mama Mdogo. Mama Mdogo alimwambia kwamba kwa sasa hawezi, akamtafutia familia nyingine iliyokuwa na nafasi. Maneno yalisemwa. Ikaenezwa kwamba Amerika imemharibu, kwamba tangu afiwe amekuwa mgumu kama barafu. Aliyasikia yote, na hakujitetea. Alipunguza shifti. Alilala. Aliomboleza kama mtu anayestahili kuomboleza. Na alipokwisha kupata nguvu, alipokea msichana wa Kikongo aliyekuwa amempoteza mama yake katika kambi ya wakimbizi, akamlea mpaka akaolewa. Aliyemwona jinsi alivyomlea yule binti hakuuliza tena kama moyo wake ni mgumu. Mama Mdogo alikuwa amejua sasa kwamba anaweza, ndipo akafungua mlango.

Basi, mwanangu, nilichokuitia ni hiki. Nchi hii itakuletea vitu vingi vizuri na dhaifu, na kila kimoja kitakutazama machoni. Kuna siku utataka kufunga ndoa. Kuna siku utataka kumleta mzazi wako aliyezeeka, akae kwenye fleti ambayo kutwa nzima haina mtu wa kumsalimu. Kuna siku mtoto wa ndugu yako atahitaji pa kulala. Sikukatazi kupokea. Sisi ni watu wa kupokea, na mimi nisingekuwa hapa kama mlango wa Maplewood ungefungwa. Ninalosema ni kwamba usiupime ukarimu wako kwa joto la moyo peke yake. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Ingia ndani ya nyumba yako wewe mwenyewe kwanza. Funga pazia, washa tochi, uangalie kilichomo na kisichokuwamo. Muulize unayeishi naye amebakiza nini, na ukimuuliza, usiridhike na kicheko chake. Mwangalie aliyekuwamo tangu zamani, yule asiye na rangi za kushangaza, uone kama hutamnyang'anya chakula chake ili umpendeze mgeni. Na ukiona huwezi, sema huwezi mapema, kwa upole, kisha umsaidie mwenzako kumpata anayeweza. Jina baya utakalopewa utalizoea. Lakini kumwona mtu akiisha taratibu mikononi mwako, huku wewe unaitwa mkarimu, hilo mwanangu halizoeleki.

Nami nakuombea. Mungu akupe cha kuwapa watu, na akupe ujasiri wa kusema pale kilipokwisha. Unaowapenda wasipungue ukiwatazama. Utakaowakaribisha washibe, na aliyewakaribisha naye ashibe. Nenda salama, na barabara zina barafu, endesha taratibu.