Dakika Tano za Radi

Saa nne asubuhi, ukumbi una viti mia tatu na kumi, na aliyeketi ni mmoja tu. Ni mama wa usafi, amejipumzisha safu ya mbele, ndoo ya maji ya sabuni iko miguuni na mopu imeegemea goti lake. Jukwaani, mwanamume wa miaka hamsini na mbili amepiga magoti, anabandika utepe mwekundu sakafuni. Kipande cha kwanza, cha pili, cha tatu, cha nne, mpaka mraba unakamilika. Anasimama ndani yake na kuvaa gitaa la besi.

"Hapa ndipo nyumbani kwangu," anasema, akiuonyesha mraba kwa ncha ya kiatu. "Hatua mbili kwa hatua mbili. Kodi hakuna."

Sauti inayosema maneno hayo ni ya mkwaruzo, ya chini, na mgeni angedhani ana mafua. Hana mafua. Huyu ndiye Radi, yule yule wa muziki wa roki ambaye miaka kumi na mitano iliyopita alijaza uwanja wa mpira kwa watu elfu kumi na mbili, na wengine wakasikilizia nje, juu ya ukuta. Mwandishi wa makala haya alikuwa juu ya ukuta huo na suruali yake ilichanika. Hajuti.

Leo Radi anapiga besi katika bendi ya mtu mwingine. Mwenye bendi ni mwanamama mpole wa nyimbo za taratibu, ambaye kila mtu humwita Mwalimu kwa sababu alifundisha darasa la tatu kwa miaka minane kabla ya kuacha chaki. Zamani Mwalimu ndiye aliyekuwa akifungua maonyesho ya Radi. Aliahidiwa nyimbo tano, akapewa tatu, na siku moja akapewa moja, tena mataa ya ukumbi hayajazimwa.

"Nilikuwa na kiburi," Radi anakiri bila kuulizwa. "Wahenga walisema aliye juu mngoje chini. Mimi yeye hakuningoja. Alinifuata huko huko chini akanipa kazi."

Huko chini kulikuwa duka la rangi na vifaa vya ujenzi la mjomba wake. Kabla ya hapo kulikuwa na daktari wa koo, aliyekuta vinundu kwenye nyuzi za sauti za mtu aliyezoea kupiga kelele kwa saa mbili kila Jumamosi. Alipasuliwa mara mbili. Kwa wiki kumi alikatazwa kutamka hata neno moja, akawa anaandika kila kitu kwenye daftari, na madaftari yalifika sita.

"Mimi alinichumbia kwa maandishi," anasema mke wake, mshonaji wa mapazia, akicheka. "Ushahidi ninao, daftari la nne. Hawezi kusema hakusema."

Sauti iliporudi, ilirudi nusu. Ile iliyokuwa ikipanda mpaka watu wakashika vichwa haikuonekana tena. Radi alikaa dukani miaka mitatu akipima misumari na kuchanganya rangi. Wateja walimkodolea macho. "Wewe si yule...?" "Yule ni kaka yangu," alikuwa akijibu, na wengi waliridhika. Mmoja hata alimtumia salamu kaka mtu.

Kisha siku moja akaingia Mwalimu, anataka rangi ya ukuta wa jikoni. Alimtazama muuzaji, akatazama vidole vyake, akaweka mkoba juu ya meza.

"Wewe kabla ya kuimba ulikuwa unapiga besi," alimwambia.

"Zamani hizo. Mwimbaji wetu hakutokea siku moja, nikasukumwa mbele. Sikurudi nyuma tena."

"Basi rudi. Mimi natafuta mpiga besi. Jina lako silihitaji, vidole ndivyo ninavyotaka."

Mjomba, aliyekuwa akihesabu mabati, aliitikia kwa mbali kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na kwamba hata hivyo mpwa wake alikuwa akikosea rangi kila wiki.

Onyesho la kwanza Radi alikaribia kuliharibu. Gitaa lilipoanza, alipiga besi vizuri kabisa, wala hakuwaza lolote. Ulipofika ubeti wa kwanza, miguu yake ilitoka yenyewe. Miaka ishirini ilikuwa imeizoeza kwamba hapo ndipo mtu anakwenda mbele. Alitembea hatua tatu, akasimama kwenye maikrofoni ya Mwalimu na kufungua mdomo. Mwalimu naye akaja. Wakagongana mabega mbele ya watu, nao watu wakapiga makofi wakidhani ni mchezo uliopangwa.

"Hakunigombeza," Radi anasema. "Kesho yake alininunulia utepe. Mwalimu ni mwalimu. Akaniambia nichore mwenyewe pale ninapotakiwa kusimama."

Huu ni mwaka wa sita anachora. Malipo ya onyesho moja yanatosha sokoni kwa wiki nzima na ada ya mtoto kwa sehemu. Mapazia ya mkewe yanamalizia. Hilo halimlizi. Ukimuuliza kinachomliza, anaanza kukaza nyuzi za besi ambazo hazijalegea.

"Naona wivu," anasema mwishowe. "Si wa umaarufu. Uchukue wote. Nina wivu na ile sekunde kabla hujaanza, pumzi iko kifuani, watu wanangoja. Ile naitamani kama mtu anavyotamani kwao."

Mkewe analijua hilo. Anasema mumewe akiosha vyombo midomo inacheza, akifunga viatu inacheza, ila hakitoki kitu. "Namwambia, baba, si uimbe tu? Mimi nikosoe nini, mimi najua pindo la pazia. Ananiambia bado."

Maana kuimba anaruhusiwa. Hapo ndipo penye siri ya ukumbi huu. Daktari alimpa dakika tano kwa siku, kwa sauti ya chini, bila kulazimisha. Na siku za onyesho dakika hizo tano anazitumia hapa, asubuhi, viti vikiwa vitupu. Mwalimu huitunza sauti yake mpaka alasiri, kwa hiyo lazima mtu asimame mahali pake ili fundi mitambo apange spika. Wengine katika bendi husema "haloo, haloo" na kuondoka. Radi huimba. Hivyo basi, katika miaka sita, hadhira nzima ya mwimbaji aliyejaza uwanja imekuwa fundi mitambo na mama mwenye mopu.

"Mimi zile kelele zake za zamani sikuwahi kuzisikia," anasema mama wa usafi. "Nilikuwa nalea. Huyu ninayemsikia mimi anaimba kama mtu anayekuambia jambo lake. Siku akiimba nafagia polepole."

Kwa nini hapa na si nyumbani? Radi anainamisha kichwa. Ana binti wa miaka tisa, aliyezaliwa baada ya upasuaji. Redio bado hupiga wimbo wa baba yake, "Fungua Dirisha", na mtoto anaujua wote. Lakini aliwahi kumwambia mama yake kwamba huyo wa redioni ana sauti kubwa, si baba.

"Sasa nimwimbie na hii?" anauliza, akigusa koo. "Atalinganisha. Mama wa mopu hapa halinganishi."

Ni saa nne na nusu. Fundi mitambo, kijana mwenye masikio makubwa anayejitania nayo mwenyewe, anainua kidole gumba kutoka nyuma ya mitambo. "Kaka, twende. Ubeti mmoja."

Radi anavua besi. Anatoka ndani ya mraba na kutembea hatua tatu mpaka kwenye maikrofoni. Mama wa usafi anaweka mopu chini. Radi analainisha midomo, anavuta pumzi. Mwandishi naye anavuta ya kwake, bila kutaka.

Mlango wa nyuma unafunguka. Ni mke wa Radi, ameshika mkono wa binti yao. Ni Jumamosi, hakuna shule, na kuna mteja anataka mapazia yake leo hii. Anapunga mkono, anamwacha mtoto, anatoka mbio. Binti anashuka katikati ya viti na kuketi kando ya mama wa usafi, miguu haifiki chini.

Jukwaani, pumzi inashushwa.

"Moja," anasema Radi kwenye maikrofoni. "Mbili. Tatu."

Anakwenda mpaka ishirini. Fundi anakuna kichwa. "Kaka, namba zinanisaidia nini? Mwalimu haji kuhesabu watu." Radi anaanza tena moja.

"Baba anahesabu vizuri," binti anamnong'oneza jirani yake kwa heshima.

Mama wa usafi hanong'oni, anamwambia Radi jukwaani. "Mwanangu, mimi nasikiliza bure mwaka wa sita huu, wala hatuna undugu. Leo amekuja mwenye haki yake, unampa hesabu?"

Radi anaiacha maikrofoni. Anarudi kwenye mraba wake, anavaa besi, anaangalia utepe. Ni aibu, na inamuuma kila aliyemo, fundi akiwamo, ambaye ghafla anakuta waya wa kurekebisha chini ya meza.

Mwalimu anafika saa tano, kitambaa shingoni, karatasi ya mpangilio wa nyimbo mkononi. Mstari wa kumi na moja uko wazi. Uko wazi kwa wiki tatu sasa. Anataka Radi aimbe pale "Fungua Dirisha", polepole, kwa sauti aliyonayo.

"Mimi sina haraka, kaka," anamwambia. "Ila wenzako wananiuliza tukifika hapo tupige nini. Nawaambia tunywe maji."

"Bado, Mwalimu. Kuna mtu wa kumwimbia kabla ya hao."

Mwalimu anamtazama mtoto safu ya mbele, anakunja karatasi. "Basi tutakunywa maji," anasema.

Wakati wa chakula, baba na binti wanakaa ukingoni mwa jukwaa. Mtoto anatafuna, anafikiri, kisha anauliza kama ni kweli yule wa redioni ni yeye.

"Ni kweli."

"Alienda wapi?"

Radi anafuta vidole. "Aliugua," anasema. "Akapona, lakini hakurudi vile vile."

"Hata bibi aliugua, hakurudi vile vile," mtoto anasema. "Na tunampenda." Anaendelea kula. Baba yake anageuza uso kuangalia spika, na mwandishi anaona ni adabu kuangalia kitu kingine.

Onyesho linaanza saa tisa alasiri, viti vimejaa. Mwalimu anaimba, besi inambeba, na ndani ya mraba mwekundu midomo ya mtu inafuata kila neno bila sauti. Kwenye mstari wa kumi na moja bendi nzima inakunywa maji. Watu wanacheka, wakidhani ni utani.

Saa kumi na moja na nusu ukumbi unabaki mtupu tena. Radi anapiga magoti kubandua utepe, kama afanyavyo kila Jumamosi. Bila kuinua kichwa anatangaza jambo lililomkaa moyoni siku nzima: dakika zake za leo anazo zote tano, hakutumia hata moja, kwa kuwa kuhesabu si kuimba. Nyumbani, cherehani ya mkewe huzimwa saa moja jioni. Atasimama jikoni, bila besi, aimbe ubeti mmoja wa "Fungua Dirisha". Koo likikubali, beti mbili. Jumamosi ijayo ndipo atamjibu Mwalimu.

"Nikishindwa, nimeshindwa kwangu," anasema. "Lakini nisije nikazeeka mtoto wangu ananijua kwa hesabu tu."

Binti amesimama ndani ya kile kilichobaki cha mraba, pande mbili tu, akijaribu kulinganisha vidole vya miguu na mstari.

"Baba, hii ya nini?"

"Ya kunizuia nisije mbele."

Mtoto anaibandua mistari miwili ya mwisho, anaikunja kuwa kitonge chekundu na kumkabidhi. "Na nyumbani utabandika?"

Radi anakitia kitonge mfukoni, anamshika mkono.

"Nyumbani hapana," anasema. "Nyumbani nitakuja mbele."