Sauti Kwenye Kaburi la Mgomba

Mimi ni mtu wa kurudi kuangalia kufuli. Asubuhi nikitoka chumbani kwangu Kitale nafunga mlango, natembea mpaka kona ya kinu cha posho, halafu narudi kuuvuta tena. Wapangaji wenzangu wamenizoea. "Nenda bana, hakuna mtu anataka blanketi yako," mmoja huniambia huku akisugua meno, nami hucheka pamoja naye mkono ukiwa bado umeshika kufuli.

Naanza na hilo kwa sababu nyumbani kwa mama, upande wa Misikhu, mlango ulikuwa haufungwi kabisa.

Haukufungwa tangu tulipomzika kaka yangu. Kaka alikwenda na jeshi wakati wa vita, akavushwa bahari, na vita vilipokwisha serikali ikaleta habari kwamba amepotea. Hawakusema amekufa. Walisema amepotea, kama ng'ombe. Baba alikuwa ameshafariki, kwa hiyo baba zangu wadogo ndio waliokaa wakaamua. Kwetu mtu ambaye mwili wake haukurudi huzikwa kwa mgomba. Wakakata gogo la mgomba la kimo chake, wakalifunga kwenye blanketi, wakachimba kaburi lisilozidi kina cha goti nyuma ya nyumba. Tukalilia gogo lile. Mama alipiga magoti ukingoni, akachota udongo kwa pindo la nguo badala ya kiganja, akaumwaga ndani. Mimi nililia pia, lakini huku nalia niliona kwamba upande wa miguu blanketi halikufungwa sawasawa, na pengo lile bado linanijia nikitaka kulala.

Mama hakubishana na wanaume mbele ya watu. Baadaye, tukiwa wawili, alisema gogo lile lilikuwa gogo tu, kwa sababu hakikuwekwa ndani yake kitu chochote kilichogusa ngozi ya mwanawe. Na kitu chenyewe kilikuwepo. Babu alikuwa amesokota bangili mbili za shaba, moja akampa shangazi yangu na nyingine akampa kaka. Siku ya kuondoka kaka aliivua yake, maana jeshi halikutaka mapambo, akamwachia mama, naye akaifunga kwenye pindo la nguo. Siku ya mazishi hakuitoa. Kuitoa kungekuwa kukubali.

Halafu akaanza kusikia miguu. Ilikuja jioni, alisema, ikasimama nje ya kizingiti, isiingie wala isiondoke. Ndipo akataka kuipeleka bangili kaburini, akafungua fundo la pindo, akakuta halina kitu. Aliamini ilimdondoka shambani akipalilia.

"Mtu ambaye hajazikwa vizuri hurudi kwake," aliniambia. "Akikuta mlango umefungwa atafikiri nini?"

Kwa hiyo kila jioni aliegemeza jiwe kwenye mlango ubaki wazi. Baridi ya mlimani ikaingia na kutoka ilivyotaka. Nilipokwenda likizo ya Pasaka kifua chake kilikuwa kinatoa mlio kama chujio la chai likikunwa. Nilimsihi. Nilimletea sweta. Akalipokea, akalivaa, akaweka jiwe lake mlangoni.

"Siku bangili ikiingia kwa kaburi nitafunga," akasema. "Sio kabla."

Ningependa kuandika kwamba nilinunua mashine kwa ajili hiyo tu. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeitamani kabla. Mimi ni karani wa stoo ya mahindi, lakini nimejifundisha redio mwenyewe kwa kufungua zilizokufa na kupanga skrubu zake mezani kwa ukubwa, na kulikuwa na duka moja la vitu vikuukuu mjini ambalo mwenyewe, Mhindi mmoja mzee, alikuwa ameweka dirishani mashine mbili za kutafuta vyuma ardhini. Zote zilikuwa na mti mrefu wa kushika, sahani chini yake, mfuko wa betri wa kuning'iniza begani, na visikizi vya kuvaa masikioni.

Nilikwenda Jumamosi baada ya Jumamosi. Nilibeba senti kumi yenye tundu, msumari wa kwato ya farasi, na kipande cha waya wa shaba, nikavipanga uani kwake juu ya jani la mgomba, nikapitisha mashine moja, kisha nyingine.

"Wewe iko nunua hii kitu ama iko oa?" mzee akaniuliza akiwa ameketi mlangoni.

"Nalinganisha tu, mzee."

"Mimi napata bibi yangu siku moja tu, hapana linganisha. Sasa miaka arobaini."

Ya kwanza ilikuwa ya jeshi, ya kutafutia mabomu. Ilisikia mbali, lakini jua likiipata ilianza kupiga kelele yenyewe, hata nikiielekeza mbinguni. Ya pili ilikuwa ndogo. Mzungu mmoja aliitumia kutafuta mabomba ya maji shambani kwake kabla hajauza akaenda zake. Sahani yake ilikuwa ya mbao, sawa na kibao cha kusukumia chapati, na ilikuwa na kidude kimoja tu cha kuzungusha, cha kutuliza mvumo mpaka ubaki mdogo, kama nyuki ndani ya kibuyu. Haikusikia zaidi ya shibiri mbili. Lakini ilichosikia ilikisikia vilevile kila mara. Nilichagua hiyo. Ninachokiogopa mimi ni kudanganywa, na kwa kifaa kisichosikia mbali najua cha kufanya: nasogea karibu.

Kabla ya kwenda kwa mama nilipanda baiskeli mpaka Mabanga kwa shangazi, mashine ikiwa ndani ya gunia. Nilitaka kuisikia bangili yake kwanza, nijue ile ya kaka italia vipi. Shangazi aliivua kwa sabuni, ikatoka kwa shida.

"Utaifanyia nini?"

"Nitaizika kidogo halafu niitafute."

Akaivuta nyuma ya mgongo wake kama mtoto anayetaka kunyang'anywa kitu. "Utaizika? Mkono wangu bado uko hai, wewe! Bangili iliyotoka kwa mkono wa mtu aliye hai haiwekwi chini ya udongo. Unataka kunitanguliza?"

Nilikuwa nimefikiria kina na upana na unyevu, na hilo halikunipitia kichwani hata kidogo. Tukapatana hivi: bangili iliwekwa juu ya jani, hewani, na mimi nikajaza udongo kwenye ungo, nikaukalisha juu ya matofali yaliyoizunguka. Udongo ulikuwa juu ya bangili lakini haukuigusa. Shangazi aliketi karibu, mkono mmoja ameutia chini ya ungo, kidole chake kikishika bangili muda wote, ili ijulikane ni ya nani.

Nikasikiliza. Kule dukani chuma kilikuwa kimelia kwa ukali na kunyamaza ghafla. Bangili haikuwa hivyo. Sauti yake ilianza kabla sahani haijafika, ikapanda taratibu, katikati ikalegea kama mtu anayevuta pumzi, ikapanda tena, ikaisha. Niliirudia mpaka shangazi akalalamika mgongo. Nikajaza ungo udongo mkavu, kisha wa maji. Sauti ni ile ile.

Siku nilipoingia shambani kwa mama, habari zilikuwa zimefika sokoni Misikhu kabla yangu. Watu walisimama kwenye ua wa majani.

"Ati hiyo inasikia pesa chini?"

"Inasikia chuma," nikajibu.

"Si uipitishe kwa mfuko ya huyu basi, anadai hana kitu."

Walicheka, wakachoka, wakaenda. Nikabaki na mahindi yaliyonipita kimo na kamba niliyoifunga kutoka mti hadi mti ili nisiruke hata hatua moja. Hapo ndipo nilipogundua jambo ambalo Kitale halikuwepo. Ardhi yetu yenyewe ina chuma. Zile kokoto nyekundu, ambazo zamani wahunzi waliziyeyusha wakapata majembe, zililia karibu kila mahali. Si kwa nguvu. Zilinong'ona. Nilipunguza mvumo, nikaongeza, nikapunguza. Nilifukua kichwa cha jembe, mbavu za mwavuli, kifuniko cha kopo la chai, na kila kitu nilimpelekea mama. Alikishika, akakigeuza, akakirudisha mkononi mwangu.

Saa sita mchana kwenye mahindi ni wakati mbaya. Hakuna upepo, majani yamekakamaa, na huwezi kuona unakotoka. Nikiwa nimevaa visikizi sikuweza kusikia chochote cha dunia ya kawaida, hata jogoo. Nilisikia tu minong'ono ya chini. Mara mbili niliinua sahani hewani kuhakikisha, na mara zote mbili nilihisi mtu amesimama kwenye mstari wa nyuma yangu, mahali nilipokwisha kupita. Niligeuka. Mahindi yalikuwa yamesimama sawa. Nikaupima mstari ule upya, nikijiambia ni kwa ajili ya usahihi.

Shamba lote halikuwa na bangili. Jioni ilikuwa inakaribia, nikakunja kamba na kupita nyuma ya nyumba na mashine bado inavuma, sahani ikining'inia kando ya mguu wangu. Nilipokuwa sambamba na kaburi, sauti ikaanza kabla sijafika. Ikapanda taratibu. Ikalegea katikati. Ikapanda tena, ikaisha.

Nilisimama mpaka jasho likanipoa mgongoni. Nikarudi nyuma, nikapita tena. Nikapita kutoka upande wa pili. Ilikuwa karibu na kichwa cha kaburi, juu juu, na udongo ulioizunguka, kwa kuwa ulikuwa umechimbuliwa na kuchanganywa, haukunong'ona kabisa. Sauti ilikuwa peke yake.

Baba mdogo, yule aliyechimba kaburi lile, alikuwa anafunga ndama. Nilimwendea mbio.

"Baba mdogo, mlizika nini pamoja na ule mgomba?"

"Mgomba."

"Hakuna msumari? Hata kipande cha jembe?"

"Si wewe ulikuwa hapo unalia? Mgomba na blanketi, basi. Kwani hiyo mashine yako inasema tulizika duka?"

Mama alikuwa ametoka jikoni akatusikia. Nilimtazama, nikatazama nguo yake, na nikamwona tena siku ile akiwa amepiga magoti ukingoni, akimwaga udongo kwa pindo. Pindo lenye fundo. Nilieleza kwa maneno yaliyogongana. Kwamba huenda bangili haikupotelea shambani. Kwamba huenda alimzikia mwenyewe siku ile ile bila kujua, na kaka alikuwa nayo tangu mwanzo.

"Nifukue kidogo tu," nikasema. "Shibiri moja. Tuione kwa macho."

"Kaburi halifukuliwi," baba mdogo akasema. Hakuwa anatania tena. "Ukilifungua, utamzika nani tena? Na kwa kitu gani?"

Mama alinisogelea. Aliuliza, "Una hakika?"

Neno hilo ndilo ugonjwa wangu. Nilifungua mdomo kusema ndiyo, kwa ajili ya kifua chake, na sikuweza.

"Sauti ni ile ile ya bangili ya shangazi, mama. Lakini hakika sina. Hakika iko huko chini."

"Nipe nisikie."

Nilimvisha visikizi juu ya kitambaa chake. Mfuko wa betri niliuokota pale nilipokuwa nimeutupa nikikimbia, nikauning'iniza begani kwangu, naye akashika mti wa mashine kwa mikono miwili, kama anavyoshika jembe. Aliipitisha sahani juu ya kichwa cha kaburi, polepole, akaisimamisha. Niliona midomo yake ikienda. Kisha akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayekubali jambo analoambiwa karibu na sikio.

"Inapumua," akasema.

Akavua visikizi, akaniwekea mikononi, akaenda zake nyumbani bila kugeuka. Baba mdogo akarudi kwa ndama wake.

Nilivaa visikizi ili nizime mashine vizuri, kama ninavyofanya kila mara, kwa kuteremsha mvumo kwanza. Hakukuwa na mvumo. Hakukuwa na nyuki, hakukuwa na kitu. Nilipitisha sahani juu ya kichwa cha kaburi, kimya. Nikafungua mfuko. Waya mmoja ulikuwa umetoka kwenye betri, na ile nati ya shaba niliyoikaza kwa vidole asubuhi, nikairudia, nikairudia tena, ilikuwa imelala ndani ya mfuko, chini kabisa.

Huenda ilitoka mama aliponirudishia. Huenda ilitoka nilipoutupa mfuko chini, kabla hajasikiliza. Nilijaribu kukumbuka kama nilisikia mlio wa nati ikianguka. Niliishika kiganjani, na kazi ya kuirudisha ingekuwa ya dakika moja: kaza, washa, pitisha, ujue.

Nikaamua kumwambia kwanza. Nilizunguka nyumba nikiwa na nati mkononi, na jua lilikuwa linazama, ule wakati aliosema miguu huja. Nilipofika mbele nikasikia jiwe likiburutwa sakafuni. Kisha mlango ukajibana kwenye fremu, kwa shida, maana mbao zilikuwa zimevimba kwa mvua nyingi, na ndani gogo la kufungia likaingia mahali pake.

Nilisimama nje ya kizingiti. Sikuingia wala sikuondoka. Nilikuwa nimezoea kuingia tu, na sasa ilibidi nibishe.

Nikabisha.

"Nani?" mama akauliza.

"Ni mimi."

Nikamsikia akija mpaka mlangoni.

"Wewe yupi?"

Nikatia nati mfukoni.

"Mdogo, mama," nikasema. "Ni mimi mdogo." Akanifungulia, nikaingia, akafunga tena nyuma yangu.