Pointi za Kutangaza Kifo cha Baba

Baba alifariki Jumanne hospitalini, na kufikia Jumatano mchana simu yangu ilikuwa imeshaniambia kwamba sina pointi za kutosha kutangaza kifo chake.

Sifanyi mzaha. Hivyo ndivyo ilivyoandikwa, kwa maneno ya adabu kabisa, kwenye uwanja mmoja wa mtandaoni wa watoto wa mji wetu wa Likasi, Kongo, waliotawanyika duniani. Huko watu hubandika picha za mji, hubishana kama bukari, ugali wetu, tamu ni ya mahindi matupu au ya kuchanganya na muhogo, na hukumbushana walimu waliowachapa shuleni Mulungwishi. Mimi nilikuwa nimeusoma uwanja huo muda mrefu bila kujiandikisha na bila kuandika neno. Niliusoma kazini, kwenye kibanda changu cha kuchapa na kupiga fotokopi karibu na soko, wateja wakipungua.

Nilikuwa nausoma nikiwa nimeweka kizuizi cha matangazo. Mega za intaneti tunanunua wenyewe, na ukurasa mmoja wa pale ulikuwa na habari ya mistari mitatu iliyozungukwa na krimu za kung'arisha ngozi, kamari za mpira na dawa za nguvu za kiume, vyote vinacheza na kuimba. Mega za asubuhi zilikuwa zinaisha kabla sijachapa barua ya kwanza. Nilipoweka kizuizi, kelele zikakoma, nikajiona mjanja.

Sasa, kwa nini nilihitaji uwanja ule na msiba uko nyumbani? Kwa sababu ya kaka yangu mkubwa. Yeye ndiye mzaliwa wa kwanza. Baba alimtafutia nafasi kiwandani, pale pale alipofanyia kazi yeye mwenyewe hadi kifua kikamharibikia, na kaka akaikataa. Wakarushiana maneno, kaka akashika njia ya Afrika Kusini. Mwanzoni alikuwa anapiga simu, kisha namba ikafa. Kila Jumapili baba akitoka misa alikuwa anauliza kama yule mtoto amepiga.

Kitu kimoja tu tulikuwa tunakijua. Jirani yetu, dereva wa malori, alikutana naye Johannesburg mwaka huu. Alituletea salamu na namba ambayo nayo haikuita. Ila alituambia hivi: "Kila asubuhi, mbele aende kazi, anasomaka ile ya bantu ya Likasi ku téléphone. Haandikake. Anasoma tu."

Jumatano hiyo tukakaa na baba mdogo, ambaye ndiye aliyeshika mambo ya mazishi. Mama hakutaka kusikia siku ya kuzika ikitajwa. "Mumutafute mukubwa yenu," alisema. "Baba yenu hawezi kuingia mu udongo na mutoto wake wa kwanza hajue."

Baba mdogo si mtu mbaya. Alifikiri, akasema, "Tutazika siku ya posho. Lakini akipiga simu mbele ya pale, akasema iko mu njia, tutamungoya. Hata siku tatu."

Yaani tulikuwa na hadi Jumamosi, na njia pekee ya kumfikia kaka ilikuwa uwanja ule. Nikajiandikisha. Jina nililoweka ni lile la utani la nyumbani, alilonibandika yeye mwenyewe nikiwa mdogo, ili akiliona tu ajue ni mimi. Nikaandika: baba amefariki, kaka piga simu, na namba yangu. Nikabonyeza.

Ndipo nikapewa somo. Kumbe uwanja ulikuwa umeingiliwa na matapeli waliotangaza vifo vya uongo na kuchangisha rambirambi. Kufa kufaana, wanasema. Basi wasimamizi wakaweka sheria: mtu asiye na pointi mia akiandika habari ya kifo, au namba ya simu, ujumbe wake unawekwa pembeni hadi mmoja wao ausome, na foleni ni ya juma moja. Kutuma ujumbe wa faragha nako ni pointi mia. Mimi nilikuwa na sifuri, na pembeni ya jina langu waliandika "Mgeni". Kwetu husemwa mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawa hata jembe hawakunipa.

Nikajaribu ujanja. Chini ya picha ya kituo cha treni nikaandika, "Kaka, piga simu nyumbani haraka." Haikukaa dakika kumi. Ikafutwa, nikakatwa pointi, kwa kuwa mambo binafsi hayaruhusiwi chini ya picha. Sikujua mtu anaweza kuwa chini ya mgeni. Nikazunguka mtaani kutafuta mwenye pointi atangaze kwa niaba yangu. Kila niliyemwuliza alikuwa msomaji tu kama mimi.

Njia za kupata pointi zilikuwa mbili. Ya kwanza, zima kizuizi chako, tazama matangazo hadi mwisho, kila moja lina pointi yake. Ya pili, andika kitu cha kupendeza watu, wakipigie kura. Haba na haba hujaza kibaba, nikajiambia, huku meno nimeyauma. Nikazima kizuizi.

Alhamisi uani kwetu kulikuwa na turubai, viti vya kukodi, na akina mama wa shirika letu la parokia wamekaa chini kwenye mikeka wanasali rozari. Mimi nilikuwa nyuma yao, kanga kichwani, simu mapajani, natazama mtu akipakwa krimu. Sauti nilikuwa nimeifunga. Lakini tangazo la kamari lilijifungulia sauti lenyewe, katikati ya Salamu Maria, tarumbeta na mwanaume akishangilia bao. Rozari ikasimama.

Shangazi yangu, dada wa baba, aligeuka taratibu. "Weye," alisema, "baba yako iko ku morgue, na weye uko nacheza pari?"

"Hapana pari, tantine. Niko natafuta points."

"Points ya nini?"

"Ya kusema baba alikufwa."

Alinitazama kama anayemtazama mtu aliyepandwa na homa. Nami sikumlaumu. Nilitoka nikaenda kukaa nyuma ya jiko, na huko ndiko nilikofuata ile njia ya pili. Mtu alikuwa amebandika picha ya mbuzi aliyefungwa juu ya teksibasi ya kwenda Kakanda, akaomba watu waandike maneno ya kuchekesha. Nikaandika: "Mbuzi ilipata place, minye nilibakia debout." Yaani mbuzi kapata nafasi, mimi nikabaki nimesimama.

Kura zikaanza kumiminika. Walicheka wa Lubumbashi, wa Ubelgiji, wa Kanada. Wakanijibu, nami nikawajibu, mzaha juu ya mzaha, vidole vinaruka, na kila kicheko kikiniongezea pointi. Upande wa pili wa ukuta watu walikuwa wanamlilia baba yangu. Niliona aibu, na juu ya aibu nikaona hasira ambayo sikujua niipeleke kwa nani. Sheria haina uso wa kuutemea mate. Ningekuwa nimenyamaza kwa heshima ya marehemu, ningebaki mgeni. Nilipojifanya sina msiba, nikapendwa.

Ijumaa asubuhi niliamka nikakuta kura nyingine zimeingia usiku na alfajiri. Nilikuwa karibu na themanini. Nakiri nilifurahi.

Shangazi alinikuta natabasamu na simu, akanikalia mbele akataka nimweleze yote kwa utaratibu. Nikamweleza: kaka anasoma pale, sauti yangu haifiki pale, watu wakibonyeza alama ya moyo kwenye maneno yangu napata pointi, na zikifika mia mlango unafunguka. Alielewa haraka kuliko nilivyotarajia.

"Sasa ulikuwa unanyamazia nini?" alisema. "Ku kilio kila muntu analetaka ya kwake. Bamama, mutoshe batéléphone."

"Minye sina mega," alisema mmoja, na wengine wakaitikia.

Nikawafungulia mtandao wa simu yangu, wote wakaingia humo. Mwenye miwani akamsaidia asiye na miwani. Niliwaandikisha mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja alipobonyeza ule moyo alisema jina la baba kwa sauti ya chini, kama anavyofanya mtu anapoweka sadaka yake kikapuni. Sijawahi kuwapenda watu wa mtaa wetu kama asubuhi ile. Tulipita mia. Nikaandika upya habari ya baba, namba ya simu, saa ya mazishi. Nikabonyeza, na shangazi akapiga ishara ya msalaba.

Ukurasa ukawa mweupe, kisha yakatokea maandishi mekundu. Akaunti nyingi mpya zimefunguliwa kutoka mahali pamoja na kumpigia kura mtu mmoja. Ni dalili ya udanganyifu. Akaunti imefungwa, na ujumbe wa mwisho umezuiliwa kwa uchunguzi.

Nilisoma mara tatu, kisha nikawasomea. Umoja ni nguvu, ndivyo tulivyofundishwa tangu shule ya msingi. Kwa mashine ile umoja ni wizi. Mtu angekaa peke yake chumbani akicheza na mbuzi hadi pointi mia, angeaminiwa. Watu walioacha nyumba zao kuja kulala kwenye mikeka ya mfiwa ndio waliogeuka matapeli. Shangazi aliuliza tu, "Balisema tuko benye bongo?" Nikamjibu ndiyo, wanatuita waongo. Akairudisha simu yake kwenye kifundo cha kikwembe kiunoni na hakuitoa tena siku hiyo.

Nikaandika malalamiko. Nikajibiwa na mashine, ikanishukuru kwa uvumilivu wangu. Uvumilivu gani? Nikaandika tena, ikanishukuru tena kwa maneno yale yale. Jioni baba mdogo alinitazama usoni, nikatikisa kichwa, naye akaenda kuwaambia wachimba kaburi waje alfajiri.

Tulimzika Jumamosi. Padri alipomaliza, baba mdogo alishika udongo mkononi akasubiri kidogo, kwa sababu ule wa kwanza haukuwa wake kuutupa, ulikuwa wa mzaliwa wa kwanza. Mama alikuwa anaangalia upande wa barabara. Kisha baba mdogo akautupa, na wengine tukafuata.

Jumatano iliyofuata nilikuwa kibandani, napiga fotokopi vyeti vya mteja, simu ikalia. Wasimamizi walikuwa wamemaliza uchunguzi. Waliomba radhi, wakatupa pole, wakanirudishia pointi zangu zote na nyingine za zawadi kwa usumbufu. Habari ya baba ilikuwa imewekwa juu kabisa ya uwanja, na pembeni ya jina langu sasa paliandikwa "Mwenyeji". Nilimrudishia mteja vyeti vyake nikafunga kibanda.

Kaka alipiga jioni ile ile. Niliweka simu kwenye sauti ya juu, nikaikalisha mezani mbele ya mama. Kwanza alilia, nasi tukamwacha alie. Mama akamwambia baba hakuteseka mwishoni, jambo ambalo si kweli. Kaka akauliza ni nani aliyetupa udongo wa kwanza, tukamwambia.

"Nilionaka jina yako," akaniambia. "Vendredi asubuhi, hamuyamuzika bado, mbele niende kazi. Ile ya mbuzi. Nilicheka sana, nikakupatia point. Nilitaka kukuandikia, nikapata haya, miaka ilipita mingi. Nikasema, bako nacheka, njo kusema nyumbani biko muzuri. Nitaandika siku ingine."

Mama aliinua macho kutoka kwenye simu, akanitazama mimi.

"Mbuzi gani?" akauliza.