Disketi Tatu za Bunda

Miaka ile ya ruksa, sabuni iliporudi madukani Musoma na ofisi za serikali zikaanza kupunguza watu, idara yetu ya samaki ililetewa kompyuta mbili. Moja ilibaki Musoma, ya pili ikapelekwa Bunda. Pamoja nazo ilikuja programu ya kukokotoa takwimu za samaki, ndani ya disketi sita.

Mimi nilikuwa nimesomea kompyuta Mwanza wiki mbili, basi nikajiona profesa. Niliingiza disketi zote sita kwenye mashine yetu, moja baada ya nyingine, programu ikafanya kazi. Ndipo bosi akazigawa: tatu zibaki Musoma, tatu ziende Bunda. Msimcheke. Alikuwa mtu wa miaka ya foleni. Aligawa sukari, akagawa betri na nyuzi za nyavu, na hakuna kituo kilichowahi kunung'unika kwamba kimepunjwa.

Nilijua amekosea. Disketi tatu bila zile nyingine hazina kazi. Kidole kimoja hakivunji chawa. Nikanyamaza hata hivyo, na mkono wangu mwenyewe ndio uliofunga bahasha ya Bunda. Nilijiambia namheshimu mkubwa wangu. Uongo mtupu. Nilipenda kuwa mtu pekee katika mkoa mzima aliyeweza kuiendesha ile programu.

Takwimu za Bunda alizishika mama mmoja mjane, mzaliwa wa Bukima, aliyezunguka mialo yote ya wavuvi na mizani na daftari tangu mimi niko shule ya msingi. Wiki ya tano ikaja barua kutoka juu: kila kituo kilete taarifa iliyotoka kwenye kompyuta kabla mwezi haujaisha, na karani asiyeweza atapunguzwa. Siku ya pili yake mama akapiga simu.

"Mwanangu, hii mashine imenikataa. Kila siku inaombaga disketi ya nne. Mimi ninazo tatu tu. Nikirudisha ya kwanza, inaomba ile ile ya nne. Nafikiri akili yangu imeshazeeka. Nimeanza kufunga vitu, nirudi Bukima."

Nilipoweka simu chini nilikuwa na aibu hadi masikioni.

Kumpelekea zile tatu zilizobaki kungetosha, lakini nilishajua jinsi programu ile inavyomsumbua mgeni: maswali mengi kabla haijaanza, yote ya Kiingereza. Nilishinda nayo siku tatu. Nikatoa mafaili ya printa ambazo hatukuwahi kuziona, nikatoa masomo ya Kifaransa na picha za samaki wa baharini. Kilichobaki kikaenea kwenye disketi mbili. Maswali yote nikayajibu humo humo mapema, ili mtu aandike neno moja tu, ANZA, abonyeze, basi. Nikapanda basi la Bunda.

Mama alinipokea kwa chai. Nilimpa zile disketi na karatasi ya mistari minne kwa Kiswahili, nikakaa mbali na mashine makusudi. Aliingiza ya kwanza, akaandika ANZA kwa kidole kimoja, akasubiri. Akaingiza ya pili. Kwenye kioo yakatokea majina: sangara, sato, dagaa, furu. Akapiga makofi, akacheka mpaka akafuta macho.

Nikamwambia hizo mbili zinabeba kazi ya zile sita za mwanzo.

"Kumbe ilikuwaga inahitaji zote sita?"

"Ndiyo, mama."

"Na wewe ulijua lini?"

Ningeweza kusema jana. "Tangu siku ya kwanza," nilisema.

Alivua miwani, akaifuta kwa kanga taratibu, akaivaa tena.

"Wiki tano," alisema. "Wiki tano najiita mjinga."

Alisukuma daftari lake mbele yangu, akageukia kompyuta.

"Haya, nisomee kilo za Jumatatu."

Nikamsomea mpaka jioni, na hakuniangalia tena.