Chujio la Kutoa Munyu

Jumamosi iliyopita, katika duka la vyombo hapa Machakos mjini, mama mmoja kutoka Mwala alikuwa akichagua chujio la maji. Kisima chao kina munyu, yaani chumvi, na daktari amemkataza mama yake mzazi chumvi kwa sababu ya presha.

"Hii inatoa uchafu yote," muuzaji alisema, akikipigapiga kifuniko kwa kiganja.

"Na munyu?"

"Yote, mama."

"Nimeuliza munyu."

Muuzaji alijikuna shingo. "Sasa mama, munyu si uchafu. Munyu ni chakula."

Nilikuwa nyuma yao na balbu yangu mkononi. Nilitaka kusema kwamba chujio huzuia kinachoelea, si kilichoyeyuka, lakini muuzaji alinitangulia.

"Basi chukua mbili. Moja itoe uchafu, ingine itoe munyu."

Mama aliyatazama machujio mawili yasiyo na tofauti yoyote. "Ya munyu ni gani?"

"Ile utaweka chini."

Mama alisonya, akafunga mkoba, akauliza kama wana gata za kufunga kwenye paa kukingia maji ya mvua.

"Ziko!" muuzaji alisema kwa furaha. "Hiyo ndiyo dawa ya munyu, mama. Hata sisi kwetu Muthetheni tunakunywa ya mvua tu. Ile ya kisima, hata ukichuja mara kumi, munyu haitoki."

Kumbe ukweli alikuwa nao tangu mwanzo. Alikuwa akingoja tu aulizwe bidhaa inayouzika kwa ukweli huo.