Silibwet Ilipoingia Kwenye Kompyuta

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Takwimu wa kampuni ya chai alinionyesha kompyuta. "Madam, hapa tunaandika programu kwa lugha ya Fortran. Kila mstari, ruka nafasi sita, ndiyo uanze."

Programu yetu ilisoma vipima mvua na kukisia majani yatakayochumwa, ili malori yapangwe. Vituo ambako wakulima hupeleka majani vilikaa ndani ya safu, yaani visanduku vya tarakimu vilivyopangwa mstari mmoja. Siku hizo ukubwa wa safu uliuandika mapema, tena katika kila kipande cha programu. Ukisahau kimoja, mvua ya kituo cha Litein inaandikwa juu ya ile ya Roret, na kompyuta inanyamaza tu! Kwa hivyo Mkuu alikataza kuongeza kituo. "Safu imejaa. Usiguse."

Basi kwetu Silibwet tukabaki nje. Lori lilikuja vile limejisikia, majani ya mama yangu yakapata joto ndani ya magunia, yakawa mekundu, yakarudishwa. Iliniuma sana, kwa sababu mimi ndiye niliyeendesha programu hiyo.

Nilikuwa na mvi tayari alipokuja Meneja mpya wa Kompyuta. Nikamwomba aingize Silibwet. Akacheka. "Mama, Fortran ya siku hizi inapima safu yenyewe. Hukusoma?"

"Nianze kusoma saa hii, na hii miaka yangu?"

"Ama tuache Silibwet nje?"

Ai! Alijua pa kunifinya. Nikasoma. Kumbe programu inaweza kuhesabu vituo kwanza, ndipo iombe visanduku vinavyotosha! Na safu nzima unaijumlisha kwa mstari mmoja, pale nilipozoea kwenda kisanduku kwa kisanduku. Nilifurahi hadi nikakasirika: mbona sikuambiwa mapema? Kidole changu tu ndicho kilichokataa kubadilika, kikaendelea kuruka nafasi sita ambazo hakuna aliyezihitaji tena. Nikafuta ukubwa wa zamani kipande baada ya kipande, nikaongeza Silibwet. Jina letu likatokea kwenye skrini.

Nilistaafu muda mfupi baadaye, nikiwa nimeridhika. Ninyi mnaosema mmebobea, someni tu. Mimi raha ya kazi niliipata mwishoni.

Wiki yangu ya kwanza nyumbani nilimsindikiza mama hadi kituoni. Lori likafika majani yakiwa bado mabichi.

"Leo wametukumbuka," akasema. "Nani amewaambia?"

"Ni mimi, Mama."

Akanitazama, akaguna. "Umechelewa sana," akasema, kisha tukacheka sote wawili.