Nilitengeneza kihesabu sekunde kwenye terminal, baba mkwe akakaa hadi mwisho

Wakuu, nawasalimu kutoka Ntinda, Kampala. Hii si chai, imenitokea mwenyewe. Kiswahili chetu cha huku mtakivumilia.

Mimi ni programmer. Mke wangu Zaituni ni Mnubi, Mwislamu. Mimi ni Mkristo, mtoto wa polisi kutoka Gulu.

Baba yake, mwanajeshi mstaafu, hakuipenda ndoa yetu. Akija anaongea na binti yake, anakunywa chai, anaondoka. Mimi naambulia "habari" tu.

Sasa, kompyuta nyingi huhesabu muda kwa sekunde, kuanzia mwaka 1970 ulipoingia. Nikaona hesabu inakaribia 1,750,000,000. Nikaandika kiprogramu cha command line, yaani cha maandishi matupu bila vitufe vya kubofya: kinaonyesha sekunde zilizobaki, namba ikifika kinalia na kumwaga nyota za rangi.

Nikakijaribu kwa namba ya karibu. Ikapita kimya.

Kumbe nilikiambia kisherehekee namba ikiwa ileile kamili, na loop, yaani ule mzunguko wa kuangalia saa, ilikuwa inachelewa kidogo kidogo mpaka ikairuka. Nikarekebisha: ikifika au ikipita. Watu wa code mnayajua hayo maumivu.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili jioni. Laptop iko mezani, mara mzee huyo mlangoni. Nikataka kuifunga. Zaituni akasema, "Iache."

Mzee akaitazama. "Hiyo inahesabu nini?"

Nikamweleza, nikijua atacheka.

"Kwa hiyo ilianza 1970?"

"Ndiyo, mzee."

"Mwaka huo niliingia darasa la kwanza, Bombo."

Akavuta kiti karibu na changu. Akatuhadithia habari za mwalimu wake aliyewapanga mstari kama askari. Hata Zaituni alikuwa hajawahi kuyasikia hayo. Chai ikapoa.

Zilipobaki sekunde kumi, akaanza kuhesabu kwa sauti ya paredi. Tukamfuata. Laptop ikalia, nyota zikajaa kioo kizima. Mzee akapiga makofi, akanipa mkono.

"Nyingine lini?"

Nikamwambia ile ya 1,800,000,000 ni baada ya mwaka na nusu hivi.

"Mbali sana hiyo," akasema. "Nitakuja Jumapili."

Na alikuja.

Nilichojifunza: mkwe akukute unafanya kitu unachokipenda. Mimi kila akija nilikuwa nakaa kama niko kwenye interview.

Wenye wakwe wagumu, ninyi mlianza kuongea nao vipi? Uwanja ni wenu.